Benchi la Waliotengwa

Katika kanisa la kilimani, juu ya soko la Tawa, kulikuwa na benchi moja ambalo hakuna aliyelipenda. Lilikaa nyuma kabisa, limeegemea ukuta, kando ya mlango, na lilikuwa la watu waliotengwa. Ukilewa, ukioa mke wa pili au ukionekana kwa mganga, wazee wa kanisa walikuita, wakakwambia kosa lako, na kuanzia Jumapili iliyofuata ulilikalia benchi lile bila kugusa Meza ya Bwana mpaka utubu. Kalondu, mke wa Mbuvi na mama yake Mwikali, alikuwa mtu wa benchi la mbele. Aliongoza nyimbo za akina mama, alipika chai ya wageni, na ulimi wake ulikuwa mkali kiasi kwamba hata pasta alipima maneno kabla ya kumsalimia.

Mume wake alirudi kutoka jeshini mwaka wa 1968. Alikuwa kule kaskazini, kwenye vita vya mashifta. Alirudi na mikono yake miwili na miguu yake miwili, na kila mtu akamwambia Kalondu amshukuru Mungu. Alishukuru. Lakini yule aliyerudi hakuweza kukaa katikati ya chumba. Aliegemea ukuta, macho mlangoni, na wageni wakibisha alitokea nyuma akaenda kwa mbuzi. Alikula huko huko. Kalondu alimpelekea sahani kama anayemlisha mchunga mbuzi wa kuajiriwa, na kila alipoinama kuiweka alihisi hasira, asijue amkasirikie nani.

Alichotaka kilikuwa kidogo tu. Alitaka mume wake akae tena na watu.

Akaenda kanisani, maana angeenda wapi kwingine? Pasta Muthama alimsikiliza nusu, akaahidi msaada. Jumamosi msaada ukaja: kundi zima likajaa uani, likaimba kwa sauti ya kubomoa nyumba, likamzunguka Mbuvi na kumwekea mikono kichwani bila kumuuliza. Mbuvi alitetemeka mpaka amina ya mwisho. Watu wakanywa chai, wakamaliza chapati, wakaondoka wameridhika. Wiki iliyofuata walirudi kumwomba atoe ushuhuda mbele ya vijana, aeleze jinsi Bwana alivyomlinda akiwaua maadui. Mbuvi aliwatazama, akainuka, akaenda kwa mbuzi. Wakamwambia Kalondu kwamba moyo wa mumewe ni mgumu. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kumfuata kule nyuma, akae naye kimya, amsaidie kufunga boma.

Ni wakati wa kupukuchua mbaazi ndipo Mbuvi mwenyewe aliposema. Kalondu alikuwa amemuuliza, kwa mara nyingine, kwa nini haji kanisani.

"Ile chuma yenu," alisema. "Lori ya mbele yetu ilikanyaga bomu. Mwangangi alikuwa ndani. Hiyo chuma ikigongwa, mimi naona Mwangangi. Ningekuja, Mama Mwikali. Lakini ile chuma, hapana."

Chuma chenyewe kilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa waya mtini, na ndiyo iliyokuwa kengele ya kanisa. Aliyeigonga ni Mzee Musyoka, mzee wa kanisa, na kazi hiyo hakumwachia mtu. Kalondu hakungoja Jumapili. Aliwakuta yeye na pasta wakipima mahali pa kujenga choo kipya.

"Nauliza kitu moja tu," akasema. "Hiyo chuma isigongwe. Watu waitwe na mdomo."

Mzee Musyoka aliona kama ameombwa kuubomoa ukuta. "Mama Mwikali, hii chuma imeita watu kwa wokovu kutoka kanisa ikiwa ya nyasi. Leo inyamaze juu ya mtu mmoja?"

"Huyo mtu mmoja ni kondoo ama si kondoo?"

"Tutaombea hiyo hofu yake," pasta akaingilia. "Na nimefikiria kitu kubwa. Jumapili ya mavuno tumpatie heshima. Aje na nishani zake, akae hapa mbele, watu wote wamuone."

"Hataki heshima, Pasta. Anataka kukaa."

"Tutaomba," akasema pasta.

Kalondu alibembeleza, akagombana, akabembeleza tena, mpaka Mzee Musyoka akaahidi kwamba Jumapili hiyo hatagonga chuma kuita watu. Kisha akaenda kumbembeleza Mbuvi, na hiyo ilikuwa kazi ngumu zaidi. Mbuvi akakubali. Alivaa koti lake la zamani, bila nishani, akakaa mbele alipowekewa kiti, jasho likimtiririka shingoni, watu wote wakiwa nyuma ya mgongo wake. Kalondu alikaa karibu naye na kwa muda akaamini kwamba mambo yatakwenda sawa.

Vikapu vya kunde na mtama vikaanza kuingia. Mzee Musyoka naye alikuwa ametimiza ahadi yake, maana hakugonga kuita watu. Kugonga kwa furaha ya mavuno, kichwani mwake, lilikuwa jambo jingine. Akatoka nje na kuipiga rimu ile kwa nguvu zake zote.

Mbuvi alimkamata mkewe, akamwangusha sakafuni na kumlalia kumkinga. Vikapu vikapinduka, kunde zikatawanyika. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Halafu pasta akaja mbio kukemea pepo. Mbuvi akajitoa katikati ya mikono yao, akatoka, na tangu siku ile hakukaribia hata mlango wa nyumba yake mwenyewe ukiwa na mgeni.

Kesho yake Kalondu alichukua jembe, akapanda kilimani mchana kweupe, akakata waya. Rimu ikaanguka kwa kishindo. Akaibingirisha mpaka kwenye mto mkavu wa mchanga, akachimba chini sana, akaifukia, ng'ombe wakapita juu yake kwenda kunywa maji kwenye visima vya mchangani. Wazee walipomwita hakukana.

"Ni mimi. Na sisemi iko wapi. Mchanga ni mwingi, chimbeni."

"Unatubu?" pasta akauliza.

"Kwanza nyinyi."

Wakamtenga. Jumapili akaingia kichwa juu, akapita wenzake wa nyimbo waliojifanya kusoma Biblia, akakaa nyuma peke yake. Iliuma. Alikuwa amejiambia haitauma, na iliuma vibaya.

Jirani yake Syombua ndiye aliyempelekea Mbuvi habari huku akicheka. Kalondu alipoleta sahani jioni, Mbuvi hakuipokea.

"Wamekuweka nyuma juu yangu?"

"Si juu yako. Juu ya chuma. Kula."

Jumapili iliyofuata Mzee Musyoka alisimama kilimani akiita watu kwa mdomo mpaka sauti ikamkauka. Wakiwa kwenye wimbo wa pili, mlango ukasukumwa. Mbuvi akaingia, akaketi kando ya mkewe. Akaegemea ukuta. Mlango ulikuwa begani pake, watu wote mbele yake, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Kalondu alimsikia akivuta pumzi ndefu, na hakuthubutu kumtazama asije akalia.

Pasta aliwaona. Akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa kwa kuwa maombi ya kanisa yamemrudisha askari. Kalondu aliuma mdomo mpaka ukamuuma kweli.

Waliendelea kuja hivyo Jumapili nyingi, mpaka mtu mmoja akazoea kumsalimia Mbuvi mlangoni, na mwingine naye. Halafu Pasta Muthama akapata wazo tena. Baada ya matangazo akanyanyua mikono, uso unang'aa.

"Wazee wamekaa. Hata kama chuma haijapatikana, tumemsamehe Mama Mwikali. Leo anatoka benchi ya nyuma. Na baba pia, tumewawekea viti hapa mbele kabisa!"

Watu wakapiga makofi na kugeuka kuwatazama. Kalondu alihisi bega la Mbuvi likikaza kama ubao. Akatazama vile viti viwili karibu na mimbari, vimetandikwa vitambaa vyeupe alivyovifuma yeye mwenyewe. Akasimama.

"Asante, Pasta," akasema. "Lakini mimi bado sijatubu."

Akaketi palepale, kando ya mume wake.