Wavu wa Bi Mwantumu

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nilipokuwa kidato cha pili, nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia natamani kujifunika shuka gubigubi. Najua bado hujazaliwa. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nimeingia kidato cha tatu, na huyo baba yako hata simjui. Lakini nimewasikia watu wazima wakisimulia ujana wao, wanajipunguzia makosa. Nakuandikia sasa, kabla nami sijaanza kujipunguzia.

Hapa Bagamoyo tunakaa nyumba moja na Bi Mwantumu. Sisi upande wa kulia, yeye wa kushoto, ua ni mmoja. Ni mjane, mwenyeji wa hapa, Mwislamu wa kufunga Jumatatu na Alhamisi hata kama si Ramadhani. Sisi ni Wakristo, baba katokea Songea, na kwetu nyama ya nguruwe inaliwa. Mama ana utaratibu wake. Vyombo vya kitimoto vina ndoo yake yenye mfuniko, na jiko lake linawashwa nyuma ya bafu, ambako upepo haupeleki moshi dirishani kwa jirani. Miaka sita hatukuwahi kukwaruzana.

Siku hiyo mama alikuwa kazini mpaka usiku, na chakula cha jioni kiliniangukia mimi. Ni chakula rahisi hiki, nawe nitakufundisha. Kabla ya kwenda shule nilikata nyama vipande vyembamba, nikatwanga kitunguu saumu na tangawizi, nikakamulia ndimu, nikatia chumvi, pilipili manga na soya sosi kidogo, nikachanganya kwa mkono na kufunika kwenye friji. Ikishinda humo mpaka jioni, kinachobaki ni moto tu. Usiwe na haraka na mkaa. Subiri uvae majivu meupe, maana mafuta ya nguruwe yakidondokea moto mkali, unakula masizi.

Basi mkaa ukawa tayari, nyama tayari, ndizi nimeshamenya. Nikatoa wavu wetu wa kuchomea ndoni, ukakatika mkononi. Kutu ilikuwa imeula.

Wavu wa Bi Mwantumu ulikuwa ukining'inia kwenye msumari, hatua tano tu. Alishatuambia zamani, "Mkitaka wavu chukueni, msinipigie hodi kwa ajili ya wavu." Nilijua fika alimaanisha mihogo na samaki. Ningeweza kumwuliza. Alikuwa ndani, nasikia redio yake. Lakini kumwuliza ilikuwa lazima nilitaje lile neno mbele ya uso wake, na mimi ni mtu ambaye darasani huandikwa sijafika kwa sababu "nipo" yangu haisikiki. Nikautungua kimya kimya.

Nyama ile iliiva vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo linaloniuma. Wadogo zangu walipigania kipande cha mwisho. Baba, ambaye nguruwe humwita mdudu, alilamba vidole, akasema, "Neema, mdudu kama huyu hata Songea hawampati!" Nilicheka nao. Kisha nikausugua ule wavu kwa sabuni na stilwaya, nikaurudisha msumarini. Nikajiambia hakuna aliyeona, hakuna aliyeumia.

Asubuhi natoka na sare zangu, Bi Mwantumu kasimama uani ameushika.

"Haya, nani kanisugulia wavu? Unang'aa kama sinia la harusi!"

Nikatazama viatu vyangu.

"Ni weye, najua. Mtoto huongei, kumbe una mambo mema. Mungu akuhifadhi, mjukuu wangu. Leo nimefunga, magharibi nachoma vibua vya kufuturia. Na chako kitakuwepo."

Mwanangu, nilijibu, "Ahsante, bibi." Nikaenda shule.

Siku nzima sikuelewa somo hata moja. Nilifikiria nirudi niutupe shimoni, aseme umeibwa. Nilifikiria pia kwamba asiyejua hana dhambi, basi bora asijue. Wazo hilo lilinipa raha mpaka saa ya kutoka. Nakuandikia kama lilivyokuwa, sitaki unidhanie mwema.

Nilipofika, mkaa wake ulikuwa umeshakolea. Vibua, wale samaki wake, vimechanjwa, vimepakwa chumvi na ndimu, vimelala kwenye sahani. Midomo yake ilikuwa mikavu kwa kufunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja wakati wake. Hebu niwekee huo wavu jikoni."

Nikaushika. Mikono ikakataa kwenda.

"Nini, umepigwa na bumbuwazi?"

"Bibi, usichomee huu."

"Una nini?"

"Jana wetu ulikatika. Nikachukua huu. Nikachomea nyama yetu."

"Nyama yenu ipi?"

"Ile."

"Ile ina jina."

"Nguruwe, bibi."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliichukua sahani yake, akainuka kwa kushika goti, akaingia ndani, akaniacha nimesimama na wavu mkononi. Adhana ikaadhiniwa. Nikamsikia akifuturu kwa tende na maji, peke yake. Alipotoka kuswali alinikuta palepale.

"Sikiliza," akasema. "Huyo nguruwe wenu hajanidhuru kitu. Mwaka wa sita huu nasikia harufu yake, nafunga dirisha langu, basi. Ungekuja jana ukasema, bibi, wavu wetu umekatika, ningekwambia kachomee kwenye bati, na ningekucheka. Lakini weye umenisugulia kwa stilwaya! Najisi ya mnyama yule huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Ungejuaje, na hukuuliza? Na asubuhi nimekuombea dua, ukaipokea. Ulikuwa radhi nifungue swaumu yangu kwa kitu ambacho unajua nisingekigusa. Hilo ndilo lililonikera."

"Nisamehe, bibi. Niliona haya."

"Haya yako ingeliwa na mimi."

Nikaanza kulia. Akasema, "Lia, lakini kalilie kwenu. Nina hasira. Zitaisha, ila leo ninazo."

Mama aliposikia hakunichapa. Aliniambia, "Nilikufundisha kutenga vyombo, nikasahau kukufundisha kufungua mdomo." Jumamosi akanunua wavu mpya, akanitaka niupeleke mwenyewe, nibishe hodi mwenyewe, niseme mwenyewe. Nilizunguka ua mara tatu kabla ya kubisha.

Bi Mwantumu aliupokea, akaugeuzageuza. "Huu ni imara kuliko ule," akasema. "Ule wa zamani ningeweza kuutakasa, lakini roho yangu imeshaukataa. Chukueni, ndio wa mdudu wenu sasa. Tena uufunge kitambaa chekundu, nisije nikaupapasa kwa uzee wangu." Kisha akacheka kidogo. Siku kadhaa zilipita kabla hajaniita tena mjukuu wangu. Nilizihesabu.

Mwanangu, ukisoma haya pengine tutakuwa tunakaa kwingine, na majirani wengine. Mimi bado ni mwenye haya, na huenda nimekurithisha. Sikukatazi kuwa mkimya. Ninachokuomba ni kwamba ukimya wako usimwamulie mtu mwingine kitakachoingia kinywani mwake. Kama jambo linamhusu mwenzio, mwambie likiwa bado dogo, siku hiyohiyo, kwa jina lake, hata sauti ikitetemeka. Na mtu akikusifu kwa usilostahili, usimjibu ahsante. Kile chakula chetu kichome bila aibu, ukifurahie na wanao siku ya shule kama tulivyokifurahia sisi, na cha jirani ukilinde kana kwamba ni wewe utakayekila.

Mungu akujalie kinywa chepesi penye ukweli, majirani wa kukuambia wazi wakikasirika, na kila jioni chakula ambacho aliyekipika anaweza kumtazama machoni anayekila. Amina.