Bungua Bongo ya Mwalimu Kaanaeli

Mwalimu Kaanaeli amefundisha miaka ishirini na miwili, yote katika shule yetu ya msingi iliyo juu kidogo ya Maji ya Chai, na ndiye aliyetufundisha sisi wenzake bungua bongo. Wengi tulidhani ni kuwagawa watoto makundi kisha mwalimu akapumzike. Yeye ana sheria zake: kila jibu la watoto linaandikwa ubaoni, hata la kipuuzi, na mwalimu haongezi lake. Kujadili ni baadaye.

Mwezi wa tatu mumewe, Philemoni, aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki yake, akafariki papo hapo. Kofia ngumu alikuwa ameiacha nyumbani. Kaanaeli alirudi kazini baada ya wiki mbili. Ukimpa pole, anaitikia "asante" kwa sauti ile ile anayoitia mahudhurio. Hakulia mbele yetu hata mara moja. Chai ya saa nne aliiacha ipoe, akaimwaga, akaenda darasani.

Mwalimu Mkuu akaniita. "Mwalimu, kamwangalie mwenzako kipindi kimoja. Kama hawezi, Darasa la Nne nampa mwingine, yeye akae maktaba."

Nilichukia kutumwa hivyo, maana maktaba yetu ni kabati moja. Lakini nilikwenda, nikaketi nyuma.

Mada ilikuwa sababu za ajali za barabarani. Iko kwenye muhtasari, hakuichagua yeye. Watoto sitini, makundi sita, karatasi za manila. Katibu wa kila kundi akasoma majibu yao: mwendo kasi, ulevi, ng'ombe barabarani, mashimo, kuongea na simu. Aliandika yote. Hakuna kundi lililotaja kofia ngumu, na nilijua wanajua, maana askari wa usalama barabarani alishakuja kuwaeleza. Yeye, kwa sheria yake, hakuweza kuongeza. Nikaona kipindi kinamfia mkononi. Nikamkasirikia Mwalimu Mkuu, kisha watoto, kisha mimi mwenyewe.

Kaanaeli akapita kukusanya karatasi. Kwa kundi la Nancy akasimama. Mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa maka peni.

"Katibu, hapa mliandika nini?"

Nancy akasimama. "Kutovaa kofia ngumu, mwalimu."

"Mbona mmekata?"

"Tulijadili, mwalimu. Tukaona utaumia."

Alirudi ubaoni akaandika: kutovaa kofia ngumu. Mwandiko ulikuwa ule ule mzuri wa siku zote.

"Kundi gani jingine lilikata?"

Makatibu watano waliobaki wakanyoosha mikono, mmoja mmoja.

Akaitazama ile mikono. Kisha akaweka chaki mezani, akaketi kwenye dawati la mbele, kati ya watoto wawili waliosogea kumpa nafasi.

"Siumii, wanangu," akasema. "Tangu siku ile sisikii uchungu wala chochote. Haya, tujadili."