Nyumba Iliyokwenda Pangani

Mama yangu alikuwa halali usingizi kwa watu. Si kwamba aliringa, ingawa wako waliosema hivyo, nami niliwajibu wote. Alikuwa hawezi tu. Umlaze katika nyumba isiyo yake, hata ya ndugu yake, atakaa kitako mpaka alfajiri akihesabu boriti. Dada yake wa Pangani, mama mkubwa wangu, alikuwa vilevile. Mmoja Bagamoyo, mmoja Pangani, na kila mmoja akimwandikia mwenziwe: njoo wewe. Miaka kumi na mmoja ikapita, ndugu wa tumbo moja hawajaonana kwa sababu ya usingizi! Nikipandwa na hasira nilimwambia mama kwamba hata kuku wangetucheka. Naye aligeuza uso akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, nikabaki najuta.

Baba alikuwa dereva wa gari la mikate. Gari lenyewe lilikuwa sanduku la bati juu ya magurudumu manne, ubavuni limeandikwa MIKATE MOTO kwa rangi nyekundu. Mwenye tanuri alipofunga kazi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alimwachia baba lile gari kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuliwasha. Baba akalileta uani, akalizunguka siku tatu, mikono nyuma. Siku ya nne akatangaza mbele ya sahani ya wali: "Kama mke wangu halali ila nyumbani kwake, basi nyumba yake itakwenda Pangani."

"Ebo!" mama akasema. "Na choo je?"

Kosa la baba lilikuwa kumsikiliza. Mtu mwingine angetupia godoro ndani akaondoka. Baba akauliza, "Wataka nyumba ya namna gani?" Na mama, ambaye hakulitaka gari hata kidogo, akatoa masharti akidhani yatamkatisha tamaa. Nyumba ina kitanda chake, kile cha samadari alichoolewa nacho. Ina kizingiti. Ina pazia la wanawake. Na baraza, kwa sababu akija mgeni mwanamume utamweka wapi?

Baba akaanza kazi. Kitanda kilizidi gari kwa shubiri tatu. Seremala akashauri kipunguzwe, mama akasema atapunguzwa seremala kwanza. Basi baba akalikata gari. Alitoa milango ya nyuma akajenga kibanda cha mbao kilichochomoza nje, upande wa miguuni wa kitanda ukaingia humo, na ukilitazama gari kwa nyuma ungedhani kuku anataka kutaga. Baraza ikawa ubao wenye bawaba ubavuni, unakunjuliwa kwa minyororo, unakaliwa na watu wawili wembamba. Mtungi ukafungwa kamba, jiko la mafuta ya taa likapigiliwa misumari. Choo kilikuwa ndoo yenye kifuniko nyuma ya pazia la pili. Mama aliitazama ile ndoo akasema, "Tutaona."

Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwetu na miaka yangu thelathini na ulimi wangu. Ndimi niliyemshikia baba mbao. Kila nilipolalamika kwamba mlango haufungi vizuri, alinijibu, "Nyumba njema si mlango," akaendelea kupiga misumari.

Mjumbe wa nyumba kumi akaja na daftari. "Mzee, mimi nina nyumba kumi. Sasa hii ni ya kumi na moja, au si nyumba?"

Baba alikuwa na miezi minne ya jasho mle ndani. "Keti barazani, kisha uniambie si nyumba."

Mjumbe akaketi, akanywa kahawa, akakiri kwamba baraza ni baraza. Kilichomtatiza ni kimoja: ikiwa njiani, itakuwa chini ya mjumbe gani? Akaondoka akisema atawauliza wakubwa. Sijui kama walimjibu.

Baba akambembeleza mama wajaribu siku tatu kabla ya safari. Mama akaingia kwa bismillahi, uso kama anayemeza mwarobaini. Asubuhi yake nikaenda kumwamkia, nikamkuta bado anakoroma. Amelala! Siku tatu zikawa wiki, wiki zikawa miezi miwili, maana mvua zilikuwa zimeharibu barabara nao wakingoja ikauke. Nikabaki peke yangu katika nyumba kubwa, wazazi wangu wanaishi hatua kumi nje ndani ya gari la mikate, na nikitaka chumvi napiga hodi. Siku moja nilimsikia mama akimwambia jirani, "Sahani ziko kule kwa binti yangu." Kule, yaani nyumba aliyonizalia! Nilinuna siku nzima.

Wakapanga kuondoka Jumamosi. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, baba alisema ananyoosha mgongo kidogo. Hakuamka tena. Mama alikuwa anaosha sahani mbili karibu na miguu yake.

Hapo sina la kupamba. Nilimlilia baba yangu, na bado namlilia.

Tulipokwisha kuzika, likazuka la eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, hatoki hivi hivi. Shangazi, dada wa baba, mwanamke aliyejua sheria kuliko waliozisoma, akatandika mkeka katika nyumba kubwa. Mama akakataa kuukalia.

"Humu simo nilimokuwa nikikaa na mume wangu."

"Kwa hiyo ukae eda ndani ya gari?"

"Nitakaa nyumbani kwangu."

Akaitwa maalim wa msikiti wetu. Alilizunguka gari mara mbili, akachungulia jikoni, akauliza, "Marehemu alikuwa akilala wapi?" Tukamwambia, humo. "Akila wapi?" Humo. "Mauti yalimkuta wapi?" Humo. Akagusa kizingiti kwa ncha ya bakora yake. "Basi nyumba ni hii."

"Makubwa! Madogo yana nafuu," shangazi akasema. Lakini mjane haachwi peke yake, kwa hiyo akaukunja mkeka wake akahamia kwenye gari. Waliokuja kutoa pole tuliwaingiza wawili wawili, kwa sababu kundi la kwanza, akina mama saba, lilikuwa limevunja springi.

Eda ilikuwa mwezi wa pili ilipofika barua kutoka Pangani. Mama mkubwa hajiwezi, hainuki kitandani, kutwa anamtaja mdogo wake. Nilimsomea mama barua ile mara mbili. Akasema, "Akifa sijamwona, mwanangu, sitajisamehe. Na wewe usinisamehe."

"Una eda!" shangazi akamkumbusha.

"Sitoki nyumbani."

"Sasa Pangani utafikaje?"

Mama akalipiga konzi bati la ukuta.

Maalim akaja mara ya pili. Safari hii alikaa barazani muda mrefu akichezea tasbihi. "Kwa ugonjwa wa ndugu, dharura ipo," akasema. "Lakini hapa naona hata dharura tusiisumbue. Mjane asitoke nyumbani, hilo nimelisoma. Kwamba nyumba isitoke na mjane, hilo sijalisoma popote." Kisha akauliza nani ataendesha, maana dereva mwanamume asiye maharimu hawezi kuingia humo.

Wakanigeukia mimi. Baba alinifundisha mwenyewe katika shamba la minazi, na leseni nilikuwa nayo. Shangazi, aliyekuwa akisema mwanamke kushika usukani ni kukosa haya, akaniuliza kwa upole kama mafuta yanatosha.

Njia ya Saadani ilikuwa haipitiki, tukazungukia Chalinze. Mimi mbele, wao wawili nyuma ya pazia. Kila gurudumu lilipoingia shimoni nilisikia, "Taratibu! Nyumba inatikisika!" Ningefanyaje mimi, niipulizie?

Miaka ile mkate ulikuwa adimu. Chalinze nilisimama kutia maji kwenye rejeta, na kabla sijafungua boneti watu walikwisha kupanga foleni.

"Mikate ipo?"

"Hii ni nyumba ya msiba!" shangazi akapiga ukelele kutoka ndani.

Mwanamume wa mbele akavua kofia. "Poleni sana. Mungu amlaze mahali pema." Akasubiri kidogo, kwa heshima. "Sasa mikate hamna kabisa?"

Mbele ya Chalinze kulikuwa na kizuizi cha barabarani. Askari akaniamuru nifungue nyuma.

"Afande, hapafunguliwi. Mna mjane, yumo edani."

"Ndani ya gari?"

"Ndani ya nyumba yake."

Akanitazama mimi, akatazama kile kibanda, akazunguka na kunyoosha mkono alishike pazia la mlangoni.

"Wee!" shangazi akafoka. "Unaingia nyumba ya watu bila hodi? Hukulelewa?"

Na yule askari, katikati ya barabara, malori yakimpigia honi, akarudi hatua moja nyuma akasema, "Hodi."

"Nani?"

"Polisi."

"Una shida gani, baba?"

Akafikiri. Naona sheria zote alizofundishwa zilimtoka kichwani. "Nimekuja kutoa pole," akasema.

Akatoa pole kupitia pazia. Mama akaipokea vizuri, akamwuliza habari za wazazi wake, naye akazieleza, mama yake anaumwa mgongo. Kisha akatuinulia kizuizi kwa mikono yake. Nilicheka hadi ikanibidi nisimame kando ya barabara, na katikati ya kicheko nikajiona nalia, maana baba angetoa kila kitu aone kazi yake ikipigiwa hodi na serikali.

Tulifika Pangani siku ya pili, saa nne asubuhi. Mtaa wa mama mkubwa ulikuwa mwembamba, tukakwangua ukuta wa jirani, jirani akatoka na matusi, akaambiwa ni msiba, akayameza. Binti wa mama mkubwa akanijia mbio akaninong'oneza: "Mama hatujamwambia kama mzee amefariki. Moyo wake hauwezi. Na macho yamekufa, haoni tena."

Nikamwambia mama kupitia pazia.

Sasa tukabaki tumesimama. Huyu hatoki nyumbani, yule hatoki kitandani. Watu wakashauri mama mkubwa abebwe, lakini wakimgusa tu analia kwa maumivu. Nikaona tumekuja njia yote ile bure, mama ataondoka ameusikia ukuta tu. Nilipiga usukani kwa ngumi. Ndipo shangazi, yeye mwenye sheria zake, akatoa kichwa nje ya pazia. "Dirisha la chumba chake ni lipi?"

Likawa la upande wa mtaani. Nikarudisha gari nyuma kidogo kidogo, shangazi akinipigia bati, mpaka kibanda cha baba kikagusa ukuta, usawa wa lile dirisha. Shangazi akaomba mchi nyumba ya pili, akaupokea kwa ndani, akabomoa ubao wa nyuma kwa mapigo matatu. Kitanda cha samadari upande huu, kitanda cha mama mkubwa upande ule, na katikati nondo nne za dirisha. Nikaingia nyuma nikakaa kando ya shangazi, na mama akatambaa hadi mwisho wa kitanda chake.

"Hodi," akasema.

"Karibu," ikajibu sauti ndogo. "Ingia."

"Siwezi kuingia, dada."

"Nami siwezi kutoka."

Wakaanza kucheka, wazee wale wawili, mikono imeshikana kwenye nondo. Mama mkubwa akapapasa mbao za kibanda, akazipapasa tena.

"Kumbe kweli umekuja na nyumba. Mumeo aliniletea barua kwamba ataileta, nikasema shemeji amepata wazimu. Yuko wapi? Mbona simsikii?"

Shangazi akanishika mkono akauminya, naye ndugu yake ndiye tuliyemzika. Mama yangu hakuwahi kusema uongo maishani mwake, na nilijua hataanza pale.

"Ndiye aliyenileta," mama akasema.

"Basi mpe ahsante yangu."

"Nitampa, inshaallah."