Nilimpunguzia Baba Dawa Ili Aseme Neno la Mwisho

Nimekosa, na sitaki mtu aniambie eti nilikuwa na nia njema. Kwa siku kumi na tisa nilimpunguzia baba yangu dawa ya maumivu, kwa mkono wangu, nikijua ninachofanya. Nimesema! Wale wa ukoo walionitaka ninyamaze, poleni sana.

Ngoja nikueleze polepole, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Nafundisha watu kuendesha gari. Miaka kumi na minne nimekaa kiti cha kushoto nikimwambia mtu anayetetemeka, "Taratibu, achia klachi kidogo kidogo, unaweza." Sijawahi kumfokea mwanafunzi, hata yule aliyezima injini mara sita mfululizo pale Westlands huku magari yote nyuma yakitupigia honi. Uvumilivu ninao. Kwa baba yangu niliutumia vibaya.

Mzee alikuwa fundi wa mawe. Ukipita Spring Valley, baadhi ya zile kuta za mawe ya kuchonga ni mikono yake. Saratani ya tezi dume ilipofika kwenye mifupa, nilimleta kwangu Kabiria, hapa Nairobi. Hospitali walisema tiba imeisha, kilichobaki ni kumtuliza. Wakatupa chupa ya morfini ya maji na bomba la kupimia, wakatuandikia kipimo na saa. Wakatupa pia muuguzi wa kututembelea nyumbani, Sista Nafula.

Siku ya kwanza Mzee alilala. Alilala kama mtu ambaye hajalala mwezi mzima, na kweli hakuwa amelala. Jioni baba mdogo, ndugu yake, akapiga simu kutoka nyumbani magharibi.

"Ameshasema?"

"Amelala, Baba."

"Amelala! Wewe, sikiza. Mzee hawezi kuenda na maneno kwa tumbo. Usimpatie hiyo kitu mpaka aseme!"

Watu wa kwetu wananielewa. Mzee akikaribia kufa huita watoto wake akasema nani atakaa wapi, nani amesamehewa, yeye azikwe upande gani wa boma. Akiondoka kimya, lawama humwangukia aliyekuwa naye. Aliyekuwa naye ni mimi.

Na wiki hizo redio hazikuwa na habari nyingine: watu walibishana kama nchi iwe na sheria ya kumsaidia mgonjwa kufa. Kichwani mwangu mambo mawili yakawa moja. Nikaitazama ile chupa nikaona ndiyo hiyo hiyo, kifo cha polepole kilichofungwa kwa kifuniko. Nikaanza kumpa nusu. Halafu nikawa naruka ya asubuhi kabisa, ili awe macho.

Akawa macho kweli! Lakini neno la boma hakulisema. Aliuma blanketi.

"Baba watoto, hiyo dawa unampa yote?" mke wangu akaniuliza.

"Nampa yote."

Huo ni uongo wa kwanza.

Siku moja Mzee akaniita, redio iko kando ya mto wake. Aliniita "mwalimu" kwa kunitania.

"Mwalimu, hawa wanasema huko nje kuna masharti ya kukubaliwa. Hebu nieleze."

Nikamweleza, kama ninavyoeleza alama za barabarani. Kwetu ni kosa la jinai, nikamwambia. Kwingine nchi hutofautiana, lakini mara nyingi wanataka uwe mtu mzima, mwenye akili timamu, ugonjwa usiopona, uombe mwenyewe bila kusukumwa, kisha uombe tena.

Akahesabu kwa vile vidole vyake vinene.

"Umri niko nayo. Akili niko nayo kukushinda. Kupona wamekataa. Basi hiyo mtihani nimepita bila kusoma. Leseni iko wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Naomba," akasema. "Umesikia? Hiyo ni mara ya kwanza. Kesho naomba ya pili."

Kesho yake aliomba ya pili.

Nami nilifanya nini? Nilikwenda Westlands, kwenye kikundi chetu cha maombi ya saa ya chakula cha mchana, ambako nilikuwa naongoza mijadala. Mada ilikuwa hiyo hiyo ya redioni. Nikasimama: "Baba yangu ana saratani ya mifupa. Anaumia. Na hajawahi, hata siku moja, kuomba kufa! Imani inatosha!"

Walipiga makofi. Mama mmoja alilia. Jamani, nilishiba yale makofi!

Huo ni uongo wa pili, nao ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Sista Nafula alipokuja tena, aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ingekuwa imeisha. Nani anapima?"

"Mimi."

"Unapima ama unaonja?"

Sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia yote: neno la mwisho, simu za baba mdogo, hofu yangu ya chupa. Akavuta kiti akakaa, akanieleza bila haraka, mimi niliyejiona bingwa wa kueleza.

"Ule usingizi wa kwanza ulikuwa uchovu, ndugu yangu. Baada ya siku mbili tatu mwili unazoea, mtu anaamka. Hii dawa, ikipimwa vile imeandikwa, haimuui. Haiko kwa huo mjadala wenu kabisa. Hiyo sheria ije, isije, hii ni haki yake leo."

Akampigia daktari, kisha akanisimamia nikapima. Nikasoma mistari ya bomba mara mbili, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Siku ya tatu Mzee aliamka akaomba uji. Akaonja, akamwangalia mke wangu. "Mama, hii ni uji ama ni ya kupiga plasta?"

Tulicheka mpaka tukalia. Halafu akasema tuwapigie wa nyumbani na tuweke sauti kubwa. Alizungumza karibu nusu saa, akiwa mtulivu, sentensi zimenyooka. Boma, kaburi, nani akae wapi. Akafika kwa dada yangu, aliyeolewa bila idhini yake na ambaye hakuwahi kumtaja tena. "Mwambieni nilikuwa mjinga. Mwambieni aje."

Maneno yote tuliyoyangoja, maumivu ndiyo yaliyokuwa yameyaziba! Na maumivu hayo niliyaweka mimi.

Kisha Mzee akawatoa wengine nje.

"Mwalimu. Rafiki yako wa maombi alikuja kunisalimia. Akanisifu eti sijawahi kuomba kufa."

Nikainamisha kichwa.

"Niliomba. Usinifanye shujaa. Niliomba kwa sababu ulikuwa umekalia dawa yangu."

"Ulijua?"

"Mimi nimechanganya simiti miaka arobaini. Sitajua kipimo kimepunguzwa?"

"Mbona hukusema, Baba?"

"Nilidhani imekwisha huko hospitali, unaivuta ifike mbali. Sikutaka uone aibu."

Soma tena hapo. Mimi namtesa, yeye ananisitiri!

Nikamuuliza kama bado anaomba.

"Leo, hapana. Kesho sijui. Lakini wakileta hiyo sheria, wasikuje kuniuliza nikiwa na maumivu. Na wasikuulize wewe."

Aliishi siku kumi na moja zaidi. Dada alimkuta. Akaondoka asubuhi moja, mkono wake umekaa ukutani, kama anayekagua kazi ya mtu mwingine.

Baada ya mazishi nilirudi Westlands, kwenye chumba kile kile, nikawaambia ukweli. Mwenyekiti akanivuta kando: "Ndugu, mambo mengine si ya kusema mbele ya watu. Umetuchafulia ushuhuda."

"Ulikuwa mchafu nilipouleta," nikamjibu.

Wameniondoa kwenye uongozi. Baba mdogo anasema nimeuvua ukoo nguo. Sawa! Sirudi nyuma. Mwanafunzi wangu akiwasha redio akakuta mjadala huo, namwambia atoe gari kando, azime injini, namsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Anayeunga mkono sheria hiyo hapati kwangu mfano wa kuibeba, na anayeipinga hapati pia. Niliwahi kumgeuza baba yangu kuwa hoja. Sirudii.

Lakini wewe mwenye chupa kabatini, unayempunguzia mama au baba kwa sababu ya simu za nyumbani, au redio, au hofu tu: inuka sasa. Pima vile imeandikwa. Ukiogopa, mpigie muuguzi umuulize, hatakucheka. Unaweza.

Siku zangu kumi na tisa hazirudi. Na ukisikia mtu akimsifu baba yangu kwamba hakuwahi kuomba kufa, mkatize. Mwambie aliomba mara mbili. Umwambie pia ni nani aliyemfanya aombe.