Bia ya Kisimani Inayomchanganya Nerea

Saa tatu asubuhi, Nerea Wanyama anavuta ndoo kutoka kisima cha Maweni, kisiwani Manda. Anachota maji kwa kiganja, anayaonja, anayatema, kisha anachota tena.

"Jana yalikuwa na chumvi zaidi," anasema. "Ama ni ulimi wangu. Sijui tena."

Nerea, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anapika bia. Kiwanda chake ni chumba kimoja nyuma ya machimbo ya mawe: mapipa manne ya chuma, jiko la kuni na leseni iliyobandikwa ukutani. Kazi aliijulia Nairobi, alikokuwa akiosha matangi ya kiwanda cha bia na kuwauliza wapishi maswali mpaka wakaamua kumfundisha.

Alikuja Manda kumfuata mumewe, mkata mawe. Kazi ya mawe ilipopungua mume alirudi Bungoma, yeye akabaki, kwa kuwa hoteli za ufuoni zilikuwa zimeanza kununua bia yake.

Hoteli hizo zilikuwa sita. Watalii walipoadimika zikabaki mbili, na bei ya shayiri nayo ikapanda.

Maji ya visima vya Maweni yana chumvi, kwa hiyo ya kunywa huvushwa kutoka Lamu. Aliyekuwa akimletea Nerea ni Bwana Khatib, mtu mpole mwenye boti ya injini. Miaka yote hakuuliza maji mengi kiasi kile ni ya nini. Mapema mwaka huu mtu akamwambia.

"Alisimama mlangoni, hakuingia," Nerea anakumbuka. "Akasema, 'Bi Nerea, mai ya kunwa nitakuletea, ya kupikia chakula nitakuletea. Ya kazi ile siwezi. Uniwie radhi.' Nikamwambia hakuna neno."

Nilimkuta Bwana Khatib gatini akipakia madumu. "Ni jirani mwema," alisema. "Lakini nina dini yangu, na mai nayabeba kwa mikono yangu. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi."

Wiki ile shayiri ya mwisho ilikuwa imeshasagwa, na ikikaa sana huharibika. Jikoni kwa Nerea kulikuwa na madumu ya maji matamu, yamejaa. Hakuna ambaye angejua.

"Niliyatazama mpaka nikachoka," anasema. "Lakini ameniletea ya kunywa. Nikiyatia kwenye pipa, kesho akija nitamwangalia vipi?"

Akapikia maji ya kisima. Ili kuifunika chumvi alitia ukwaju mwingi, akaongeza ndimu. Hakuwa na kipimo, wala hakuna aliyewahi kumfundisha kitu kama hicho. Alipoionja aliona ameharibu kila kitu.

Kiprotich, mchimba mawe aliyekaribishwa kuionja, hakumficha. "Nilimwambia, madam, hii ni kama kuogelea halafu wimbi likuingie mdomoni," anasema.

Nerea hakuwa na nyingine ya kupeleka. Alimpelekea Ronald, msimamizi wa baa ya hoteli mojawapo, kreti mbili, akamweleza yote na kumwomba asimuuzie mgeni bila kumwambia. Siku chache baadaye simu yake ikalia. Hakuipokea. Ikalia tena.

"Nilijua ananirudishia," anasema. "Anasema, 'Nerea, imeisha. Wageni wanaiulizia.' Nikamuuliza, ipi? Akasema ile ya chumvi. Nikamuuliza tena, ipi?"

Mpaka leo hajalielewa jambo hilo. Bia aliyoipika kwa uangalifu miaka yote ilikuwa ikidoda. Aliyoiharibu ndiyo inayotafutwa.

Alipojaribu kuirudia, mambo yalizidi kumchanganya. Alitumia kisima kilekile na ukwaju uleule, lakini mvua zilikuwa zimeanza, chumvi ya kisima ikapungua, na bia ikatoka chapwa. Ronald akairudisha. Aliyoipika bahari ilipojaa sana iliwaka chumvi, akaimwaga. Ya baada ya hapo ikawa nzuri, ila si kama ile ya kwanza.

"Watu wananipongeza," anasema. "Unapongezwa kwa kitu ambacho hujui umekifanyaje. Nacheka nao, kisha nikirudi nyumbani najiuliza, mimi ni mpishi ama nabahatisha?"

Bwana Khatib bado anamletea maji ya nyumbani, na madumu ya kunywa na ya jikoni hayajapungua hata moja.

Sasa Ronald anataka bia ya wageni wa Desemba, na anataka ladha isibadilike. Nerea alikuwa hajamjibu. Tukiwa tunazungumza, Ronald akapiga.

"Nitapika," Nerea alimwambia. "Lakini ladha moja siwezi kukuahidi. Kila pipa litatoka lilivyotoka. Baya nitamwaga. Zuri nitakuletea, na uwaambie wageni wazi kwamba hii si ile ya juzi. Asiyetaka, asinunue."

Alisikiliza kwa muda, kisha akaishusha simu na kuitazama.

"Anasema nilete yote. Anasema hivyo ndivyo watakavyoipenda zaidi." Alitikisa kichwa. "Hata huyu simwelewi."

Mpango wake ni kununua pipa la tano kabla ya Desemba. Nilimuuliza atapika nini humo.

"Hilo usiniulize," alisema. "Nipate pipa kwanza."