Baba Mkwe wa Zamu

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa hospitalini mama yangu akiwa nyuma yangu, amenishika mabega, na muuguzi mbele. Hakuna aliyeona ubaya. Nilipofika na mimba ya pili, miaka ya sabini imeanza, nikakuta mambo yamegeuzwa. Matroni mpya alikuwa ameamua kwamba mzazi aingie peke yake, na tabibu yeyote aliye kwenye zamu ndiye amzalishe, awe mwanamke au mwanamume. Wakayaita maendeleo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini amri hutungwa na wasiowauliza wazazi.

Mama alizuiwa mlangoni na askari. Mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa kijiji chetu cha Kiogoro! Akaambiwa akae kwenye nyasi, kama mwuza ndizi aliyekosa wateja.

Uchungu ulikuwa umenikaza pazia lilipofunguliwa. Tabibu wa zamu aliyeingia na glavu mikononi alikuwa mdogo wake baba wa mume wangu, naye ni baba mkwe vilevile. Kwetu Wagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe hata kupeana mkono hawapeani. Hiyo ndiyo ensoni, heshima ya kuoneana haya. Sasa anione vile nilivyokuwa? Nilivuta shuka mpaka kidevuni.

"Tata, toka," nikamwambia, nikimwita baba kwa Kigusii.

"Natoka, mwanangu. Lakini sista ameitwa wadi ya watoto. Niko peke yangu."

Alisimama nje ya pazia, akawa ananielekeza kwa sauti iliyokauka: nisukume, nipumzike, nisukume tena. Nilipiga kelele waniitie mama, yuko hapo nje tu. Akamtuma mfagiaji, askari akajibu amri ni amri. Nilikasirika hata nikasahau kuogopa. Kisha nikaogopa kweli, maana kichwa kilikuwa kinatoka na hapakuwa na mkono wa mtu pale ila wangu. Niliinama, nikampokea mwenyewe.

Mtoto alilia. Sista akaja mbio akakata kitovu, na matroni akapita akisema, "Unaona? Hospitali ni salama." Nilikosa tusi la kumtosha.

Mama aliruhusiwa jioni, saa ya kutazama wagonjwa, pamoja na wageni wa kila mtu. Hakumgusa mtoto kwanza. Alinishika mikono, akaona damu iliyokauka chini ya kucha.

"Ni nani amekuzalisha?"

Niliitazama mikono yangu. Akavua leso, akaanza kunipangusa kidole kimoja kimoja, huku akiwalaani askari, matroni na serikali kwa zamu.