Nilimlisha Fundi Maneno, Dunda Ikampoteza Kondo

Kosa ni langu. Si la mume wangu, si la Shomari, wala si la yule kijana wa Kikwere ambaye mji mzima ulimlaani kwa kuhama. Ni langu mimi, muuza vitumbua wa Dunda, na nimekaa nalo kifuani mpaka limenishinda.

Jina silitaji. Watu wa Dunda mtanijua kwa mdomo wangu, na watu wa Kaole mlishanijua zamani.

Najua wapo watakaosema Bagamoyo ina mambo makubwa siku hizi, Wadachi wanazunguka huko bara na karatasi zao za mikataba, na huyu mama analia na fimbo. Sawa. Wadachi sikuwaita mimi. Hili nililifanya mimi.

Nimezaliwa Dunda, na mchezo wa fimbo niliujua kabla sijajua kusuka nywele. Kama wewe ni mgeni, nikueleze upesi. Kila Idi, na kila penye harusi kubwa, upande wetu hukutana na upande wa Kaole. Zumari inapulizwa, ngoma zinalia, watu wanafanya duara, na wanaume wawili wanaingia na fimbo za mtobwe. Anayeangusha fimbo, kupigwa kichwani au kwenda chini anatoka, mwenzake anaingia. Upande ukiishiwa watu, umeshindwa, na jioni yote unaimbwa matusi.

Zamani sisi ndio tuliokuwa tukiimba. Tulikuwa na Shomari. Shomari alikuwa akiingia uwanjani anatabasamu, na watu wa Kaole wanaanza kukumbuka kazi walizoziacha nyumbani.

Halafu upande ukavunjika. Wawili walifuata msafara wa pembe mpaka Unyanyembe, wakaoa huko, wakatuletea salamu tu. Mmoja alichukuliwa na ndui, Mungu amrehemu. Mmoja alioa Kaole, na huyo sina la kumwombea. Shomari mwenyewe akasema magoti yamechoka, akahamia shambani kwake Makurunge kulima na kunenepa.

Wazee wakamkabidhi ufundi mume wangu, Kibwana. Fundi ndiye anayefundisha vijana na kupanga nani aingie kwanza. Yeye na Shomari walikuwa zaidi ya ndugu. Waliingia jandoni siku moja na kulia pamoja, ingawa kila mmoja anasema aliyelia ni mwenzake.

Kibwana akasimama mbele ya watu, akasema, "Nipeni muda. Nyumba imebomoka, naijenga upya."

Tukampa muda. Akajenga. Tukapigwa.

Tukapigwa Idi ndogo, tukapigwa Idi kubwa. Tukapigwa kwenye harusi ambayo bibi harusi ni wa Dunda, bwana harusi wa Dunda, na pilau ya Dunda. Kaole walikuja, wakala, wakatupiga, wakaenda zao na minofu iliyobaki. Asubuhi yake mwanamke mmoja wa Kaole akaja kibarazani kwangu kununua vitumbua, akaniuliza kwa sauti ya huruma, "Mumeo anaendeleaje na ujenzi? Amefika kwenye paa?"

Nikamfungia vilivyoungua.

Hasira yangu yote niliiweka kwa Kondo. Huyo ndiye yule kijana wa Kikwere. Alitoka bara kuja mjini kupakua mizigo ya misafara. Mrefu, miguu kama ya korongo, akicheka anafunika mdomo. Kibwana alimwona siku moja akizungusha gongo la mti sokoni, akamleta nyumbani.

"Huyu ndiye," akaniambia. "Ana jicho. Mikono itafuata."

Mikono haikufuata. Siku ya kwanza alipoingia uwanjani, fimbo ilimtoka, ikapaa juu ya vichwa vya watu, ikatua ndani ya chungu changu cha unga wa vitumbua. Uwanja mzima ulicheka. Kondo akaja kuichukua ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, mama," akasema.

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Rudi kwenu porini ukafukuze nguruwe. Fimbo ni ya waungwana."

Hilo nalo nalikiri. Babu yangu mzaa baba alitoka huko huko bara, tena na mzigo kichwani, na hakuna mtu Dunda asiyelijua.

Kila jioni Kondo alikuja uani kwetu kufundishwa. "Shikamoo, fundi," na Kibwana anaitikia "Marahaba, mwanangu," kama vile kweli amemzaa. Sisi hatukujaliwa mtoto. Mimi nilikuwa napika nimewapa mgongo, nasikia fimbo zikigongana, namhesabia makosa.

Nikamwambia mume wangu, "Mwite Shomari."

"Shomari amekwisha."

"Aliyekwisha ni afadhali kuliko huyu ambaye hajaanza."

Akacheka. "Mke wangu, wewe kaanga vitumbua. Fimbo niachie mimi."

Neno hilo ndilo lililonipeleka Makurunge. Mimi niliyekuwa nikishangilia Dunda tangu nabebwa mgongoni, leo naambiwa nikaange. Nikamuaga Kibwana kwamba shangazi yangu anaumwa. Shangazi alikuwa mzima kuliko mimi.

Nilimkuta Shomari ameketi nje anamenya muhogo. Tumbo lilikuwa limemtangulia. Mtu mwenye akili angegeuza njia hapo hapo.

"Shemeji, karibu," akasema. "Kibwana hajambo?"

"Hajambo. Yeye ndiye aliyenituma."

Kisu kikasimama.

"Anasema Dunda haisimami bila wewe, uje siku ya Idi moja kwa moja uwanjani. Anaona haya kuja mwenyewe, kwa sababu alikuacha uondoke bila kukubembeleza."

Hayo ya mwisho sikuwa nimeyapanga. Yalikuja yenyewe, nikaona yanapendeza, nikayaacha yatoke.

Mkewe alikuwa anatwanga pembeni. "Shomari," akasema bila kuinua macho, "wewe kuinuka kitandani tu unaniomba mkono."

Shomari hakumsikia. Alikuwa ameshaanza kukaa wima, amebana tumbo. Akaniuliza jambo moja tu.

"Na yule Mkwere? Nasikia ndiye anayeingia kwanza. Mimi siwezi kuingia nyuma ya Mkwere."

"Fundi amesema atamweka kando."

"Amesema hivyo kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake," nikajibu.

Nilirudi nyumbani mwepesi, naimba njiani. Niliona nimefanya kazi iliyowashinda wanaume wazima wa Dunda.

Sasa sikiliza linaloniuma. Katika majuma yale Kondo alikuwa amebadilika. Jioni moja nilipogeuka kuchota maji, nilimwona akizunguka kidogo, akagusa fimbo ya Kibwana, na fimbo ya Kibwana ikaanguka chini. Fundi mwenyewe, amenyang'anywa fimbo uani kwake. Kibwana alicheka mpaka akakaa mchangani. Kondo akafunika mdomo. Mimi niliona kwa macho yangu, nikasema moyoni, kabahatisha.

Idi kubwa ikafika. Kibwana alimpanga Kondo aingie kwanza. Fundi mwenyewe alikuwa upande wa pili wa duara, karibu na ngoma, anamwelekeza mpiga zumari. Mara nikasikia kelele nyuma yangu. Shomari amekuja, kilemba kichwani, mshipi kiunoni umekazwa juu ya tumbo. Watu wa Dunda walipagawa. Wazee walilia. Nami nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Shomari alikwenda moja kwa moja kwa Kondo, akashika fimbo aliyokuwa nayo mkononi. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Fundi amesema ukae kando. Leo naingia mimi."

Kondo hakuiachia fimbo. Alimtafuta Kibwana kwa macho, ng'ambo ya duara. Kibwana akainua mkono. Baadaye aliniambia alitaka kusema, ngoja, nakuja. Lakini katika kelele zile mkono ni mkono tu. Kondo akadhani anaambiwa kaa kando.

Akaiachia fimbo. Hakukaa. Alipita katikati ya watu akaenda zake, na Kibwana alipofanikiwa kujipenyeza mpaka upande wetu, zumari ilikwisha kulia na Shomari alikuwa ndani.

Mtu wa kwanza wa Kaole, Shomari alimpiga vizuri mno. Naapa, kwa muda ule mfupi Dunda ilikuwa Dunda ya zamani. Nilimtazama yule mwanamke wa Kaole aliyeniuliza habari za paa, nikamwonyesha paa liko wapi.

Wa pili alikuwa kijana mwembamba, mjanja. Hakupiga. Alizunguka tu. Akazunguka, Shomari akazunguka naye. Akazunguka tena. Nikaanza kuyaona yale magoti. Shomari alipumua kama ng'ombe aliyekimbizwa, kisha goti moja likakataa, akaenda chini kwa bega, na mfupa ukalia. Hata wapiga ngoma waliusikia, maana waliacha kupiga.

Wetu waliobaki waliisha mmoja mmoja, kama kawaida yao.

Maneno yakaanza pale pale uwanjani. Nani amemwita mzee huyu? Shomari, amelazwa, jasho linamtoka, akasema, "Kibwana aliniita." Kibwana akaapa kwa Mungu hakumwita. Shomari akageuza uso; mimi hakunitaja, maana kwake Kibwana alijua vizuri alimtuma nani, na mke wa mtu hatajwi uwanjani.

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nilikuwa na mdomo siku zote, mdomo unaosikika Dunda hadi sokoni. Siku ile sikuwa nao.

Wazee walimvua Kibwana ufundi. Walisema amemwita mtu, kisha amemkana alipovunjika. Hata waliomwamini kwamba hakumwita walisema fundi gani asiyejua nani anaingia uwanjani kwake. Kondo hakurudi tena uani kwetu. Tulisikia yuko Kaole, na Idi iliyofuata tukamwona, upande wao. Alipiga watu wetu wote peke yake. Hakucheka wala hakufunika mdomo. Kaole walimbeba mabegani wakampitisha mbele ya kibaraza changu, nami niko pale na mwiko mkononi.

Kibwana aliniuliza wakati ule, "Mke wangu, nimemkosea nini Shomari hata anisingizie?"

Nikamwambia, "Binadamu ndivyo walivyo, mume wangu." Nikamkanda na miguu.

Nilikaa hivyo mpaka mama yake Shomari alipofariki. Kibwana alikwenda kuzika, maana yule mama alimlisha utotoni. Aliporudi aliketi mlangoni, hakutaka maji wala chakula.

"Nilimpa mkono," akasema. "Kaburini, mbele ya mamaye. Hakuupokea."

Nikamwambia yote. Shangazi asiyeumwa, muhogo, kinywa chake, yote. Nilisema mchana kweupe nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihisi nikikaa nitanyamaza tena.

Nilitazamia talaka. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu katika mkeka. Kibwana akauliza, "Kwa hiyo Kondo alidhani mimi ndiye niliyemtupa?"

Hakuuliza habari za ufundi. Hakuuliza habari za Shomari. Aliuliza hilo tu, akavaa viatu, akaenda Kaole.

Sijui yote waliyosemezana. Najua alirudi na Kondo hakurudi naye. Kondo ameoa huko sasa. Neno moja tu Kibwana alinieleza, kwamba Kondo alimwambia, "Shikamoo, fundi. Nimefurahi kujua. Lakini hawa walinipokea nilipokuwa sina mtu."

Kwa Shomari nilikwenda mwenyewe. Mkewe alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na mchi. Nilikimbia kwa umri wangu huu mpaka nje ya shamba. Lakini Ijumaa iliyofuata Shomari alikuja Dunda, mkono mmoja umepinda, akamwomba Kibwana waende msikitini pamoja. Kwangu alipita kama anapita mti. Namshukuru hata kwa hilo.

Mume wangu hakuniacha. Anakula chakula changu, ananisemesha vizuri. Lakini siku ya fimbo anaondoka mapema, anakwenda kusimama upande wa Kaole, kumtazama Kondo. Idi hii iliyopita alinikuta nafunga kanga yangu.

"Wewe unakaa Dunda?" akaniuliza.

"Nakaa Dunda."

"Mtapigwa."

"Najua."

Tukapigwa. Na kila Kondo alipomwangusha mtu wetu, katikati ya kelele zote za Kaole nilisikia sauti moja ninayoijua, inamwita mwanangu.

Basi ninyi mnaoketi pembeni, wa upande wowote, sikilizeni. Zomeeni mnavyotaka. Tukaneni fimbo, tukaneni mpiga zumari, mwambieni fundi kwamba hajui kazi, atavumilia. Lakini msiinuke mahali penu mkaenda kupanga wachezaji kwa ulimi wa mtu asiyekutumeni. Mimi nilikwenda. Upande wangu ni ule ule, unapigwa vile vile, ila sasa naushangilia peke yangu, na mume niliyemfanyia yote hayo anashangilia ng'ambo.